Hesabu ya Ruth Brown: mwimbaji aliyeijenga kampuni, kisha akaambiwa anadaiwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakili mmoja wa Washington aitwaye Howell Begle alikwenda kumsikiliza mwimbaji aliyempenda tangu utotoni. Alikuwa amebeba santuri za mama huyo ili azitie saini. Wakaketi, wakazungumza, na katika mazungumzo hayo likatoka jambo ambalo wakili hakulitarajia. Mwenye sauti iliyokuwa ndani ya santuri zile hakuwa akipata hata senti moja zikiuzwa. Ilikuwa imepita miaka ishirini hivi tangu kampuni imletee mirabaha, yaani asilimia yake ya mauzo. Nyimbo hazikuwa zimekufa sokoni. Zilikuwa zikitolewa upya na kuuzwa Marekani na ng'ambo, na ushahidi alikuwa nao Begle mwenyewe mkononi.

Mwimbaji huyo ni Ruth Brown. Ukiisoma historia ya muziki wa ridhimu na bluzi (rhythm and blues) utakuta anasifiwa kwa sauti yake, na sifa hizo anazistahili zote. Lakini mimi nataka nimtazame kwa upande wa hesabu. Kisa chake ndicho kilichonifundisha kwamba mtu anaweza kuiingizia kampuni fedha za kuijenga tangu msingi hadi paa, halafu vitabu vya kampuni hiyohiyo vikamwandika kuwa mdaiwa, na pasiwe na ukurasa hata mmoja ulioghushiwa. Nataka kuonyesha jambo hilo lilivyowezekana, na jinsi mwanamke huyu alivyolipindua.

Toka Portsmouth hadi kitanda cha hospitali

Alizaliwa Portsmouth, Virginia, tarehe 12 Januari 1928, akaitwa Ruth Alston Weston, kifungua mimba katika watoto saba. Baba yake alikuwa kuli bandarini, na kanisani alikuwa kiongozi wa kwaya. Kwa mzee huyo muziki halali ulikuwa wa kanisani, mwingine wote ulikuwa wa shetani. Likizo za kiangazi watoto walipelekwa North Carolina, shambani kwa bibi yao, wakachume pamba. Ruth akajifunza kutoroka mapema. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia eneo lile lilijaa askari na mabaharia, naye akawa anapenya kwenda kuwaimbia, nyumbani wakidhani yuko mazoezi ya kwaya. Akafika hadi New York na kushinda shindano la chipukizi katika ukumbi wa Apollo, Harlem.

Mwaka 1945, akiwa na miaka 17, akatoroka moja kwa moja na mpiga tarumbeta aitwaye Jimmy Brown. Ndoa yenyewe haikuwa ndoa, maana bwana alikuwa tayari ana mke, lakini jina la Brown likabaki kwake maisha yote.

Bendi kubwa ya Lucky Millinder ikamchukua, na baada ya wiki chache ikamwacha Washington bila nauli ya kurudi kwao. Kosa lake lilikuwa kuwapelekea wanamuziki vinywaji. Hapo ndipo Blanche Calloway alipomwokoa, dada yake kiongozi maarufu wa bendi ya jazi Cab Calloway, mwanamke aliyekuwa ameongoza bendi yake mwenyewe ya wanaume watupu katika miaka ya 1930. Blanche alimtafutia kazi kwenye klabu iitwayo Crystal Caverns, akawa meneja wake. Jina la Blanche hutajwa kwa kupita tu katika visa vingi vya Ruth, nami naona si haki. Asingekuwa yeye, binti yule angerudi Portsmouth kumpigia baba yake magoti, na sisi tusingekuwa na la kusimulia.

Klabuni hapo akasikiwa na Willis Conover, mtangazaji wa redio, naye akawapigia simu vijana wawili wa New York waliokuwa ndiyo kwanza wameanzisha kampuni ya kurekodi. Mmoja aliitwa Ahmet Ertegun, mtoto wa aliyekuwa balozi wa Uturuki huko Marekani. Mwingine ni Herb Abramson. Kampuni yao, Atlantic, ilianza mwaka 1947 kwa mtaji wa dola 10,000 ambazo Ertegun alizipata kwa daktari wa meno wa familia yao. Wakati huo haikuwa na jina wala wimbo wa kujivunia.

Oktoba 1948, Ruth na Blanche wakiwa njiani kwenda New York kukutana nao, gari likapata ajali karibu na Chester, Pennsylvania. Miguu ya Ruth ikavunjika. Alilala hospitali miezi mingi, na mkataba wake na Atlantic aliutia saini akiwa kitandani. Siku aliyotimiza miaka 21 Ertegun alikwenda kumtazama, akampelekea kitabu cha kujifunza kusoma noti. Maumivu ya miguu hayakumwacha mpaka uzeeni.

Ninakaa kwenye picha hiyo ya kitandani kwa sababu ndimo kisa chote kilimo. Kulikuwa na msichana asiyeweza kusimama, asiye na wakili wala fedha, na kulikuwa na kampuni changa iliyomwamini wakati ambapo hakuna mwingine aliyemtaka. Upendo ulikuwepo, sina shaka, ila karatasi iliyosainiwa siku zile ndiyo iliyokuja kuamua nani atakula nini kwa miaka arobaini.

Nyumba aliyoijenga Ruth

Mwezi Mei 1949 aliingia studio, bado akitembea kwa taabu, akarekodi wimbo wa taratibu, "So Long". Ukapendwa. Mwezi uliofuata, jarida la biashara ya muziki la Billboard liliacha kuiita chati ya muziki wa Weusi kwa jina la rangi yao, likaanza kuiita chati ya ridhimu na bluzi. Jina hilo alilipendekeza mwandishi wao Jerry Wexler, ambaye mwaka 1953 alihamia Atlantic akawa mmoja wa wakubwa wake. Kwa hiyo muziki huu ulipopewa jina lake, Ruth alikuwa tayari yumo mlangoni.

Yeye mwenyewe alipenda nyimbo za huzuni na mapenzi, za kuimbwa polepole taa zikiwa zimefifia. Kampuni ilitaka za kuchezeka. Mwaka 1950 wakampa "Teardrops from My Eyes", utungo wa Rudy Toombs, wenye mwendo wa kasi na saksafoni inayonguruma nyuma. Ulishika namba moja kwa wiki 11. Halafu ukaja "5-10-15 Hours" mwaka 1952, nao pia wa Toombs, na mwaka 1953 "(Mama) He Treats Your Daughter Mean", ambao mwanzoni hakuupenda kabisa. Ule wa tatu una tari inayopigwa tangu mwanzo hadi mwisho, na juu yake sauti ya binti anayemlalamikia mama yake jinsi mwanamume anavyomtenda. Ukimsikiliza vizuri utasikia kwenye miisho ya maneno fulani sauti inapasuka, inaruka juu kwa kimlio kidogo kama mtu aliyekabwa na kwikwi katikati ya neno. Kimlio hicho ndicho kilichomtambulisha. Kabla redio haijamtaja jina, watu walishajua ni nani.

Kati ya mwaka 1949 na 1955 nyimbo zake zilikaa kwenye chati ya ridhimu na bluzi jumla ya wiki 149. Hapo katikati Atlantic iliacha kuwa kampuni ya vijana wawili na mkopo wa daktari wa meno. Watu wa biashara hiyo wakaanza kuiita nyumba aliyoijenga Ruth, kwa kuazima msemo uliokuwa ukitumika kwa uwanja wa besiboli wa New York na mchezaji wake Babe Ruth. Ray Charles, Aretha Franklin na wengine wote waliokuja baadaye waliikuta nyumba tayari imeezekwa.

Fedha alizokuwa akizipata Ruth wakati huo zilitoka zaidi barabarani. Alizunguka majimbo ya kusini kwa gari usiku kucha, akiimba kwenye maghala ya tumbaku na kumbi ambamo kamba ilivutwa katikati, Weusi huku na Wazungu huku. Hoteli nyingi hazikumpokea. Chakula kilinunuliwa kwa mlango wa nyuma. Hata hivyo, kwa macho ya mashabiki alikuwa malkia, mwenye magauni na gari zuri, na nadhani hilo lilimsahaulisha kwa muda kuuliza swali la hesabu. Anayelipwa kila usiku hana haraka ya kudai cha mwisho wa mwaka.

Deni lilivyotengenezwa

Sasa tuje kwenye kiini. Msomaji anaweza kujiuliza, aliibiwa? Jibu langu ni kwamba alidhulumiwa, na dhuluma yenyewe ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba.

Mkataba wa kawaida wa zama zile ulimpa msanii malipo ya papo kwa papo kwa kila wimbo aliorekodi, pamoja na asilimia ndogo ya mauzo, yaani mirabaha. Lakini kabla hajalipwa mirabaha hiyo, kampuni ilirudisha kwanza kila ilichotumia: studio, wapiga vyombo, mpangaji wa muziki, na malipo ya awali aliyopewa. Gharama hizo zilitolewa kwenye fungu la msanii tu, si kwenye pato zima la santuri.

Nitoe mfano wa kwangu, wa namba za kubuni, ili jambo lionekane. Tuseme kurekodi kumegharimu dola 1,500, na msanii anadai senti 3 kwa kila santuri. Itabidi ziuzwe santuri 50,000 ndipo afike sifuri. Kampuni, ambayo inabaki na sehemu kubwa ya bei, imesharudisha gharama zake na kupata faida siku nyingi kabla ya hapo. Msanii akirekodi tena wimbo usiouzika, gharama zake zinaunganishwa na akaunti ileile. Wimbo mmoja mkubwa unalipia mitano iliyolala. Akiondoka kampuni huku akaunti ikiwa chini ya sifuri, hapo ndipo anapoitwa mdaiwa, na deni hilo linaendelea kumeza kila senti ya santuri zake zinazotolewa upya, miaka nenda miaka rudi.

Atlantic haikuwa kampuni mbaya kuliko nyingine. Wengi walioishi zama zile waliihesabu miongoni mwa zilizo bora, na kuna kampuni zilizowalipa wasanii gari moja la kifahari na kuwaambia tumemalizana. Kwa sababu hiyo kisa hiki kinaumiza zaidi. Ikiwa iliyo bora ndiyo ilikuwa hivi, hao wengine usiwaulize.

Kulikuwa na matundu mawili mengine ambayo hesabu ya kampuni haikuhusika nayo. La kwanza ni redio. Sheria ya Marekani huwapa watunzi malipo wimbo unapopigwa kwenye redio za kawaida, lakini anayeuimba hapati kitu. Ruth hakuwa mtunzi. Kila mara "Teardrops" ilipopigwa, haki ilikwenda kwa aliyeiandika, naye aliyeifanya ipendwe akaambulia sifa.

La pili ni nakala. Mwaka 1954 Ruth alitoa wimbo wa Chuck Willis, "Oh What a Dream", na mwaka huohuo Patti Page, mwimbaji Mzungu aliyekuwa na soko pana, akaurekodi naye. Sheria haikumzuia. Utungo ukilipiwa, yeyote aliweza kuurekodi, na mtindo wa mwimbaji wa kwanza haukuwa mali ya mtu. Rekodi yenyewe ya sauti haikuwa na ulinzi wa sheria ya shirikisho hadi mwaka 1972. Mwenzake wa Atlantic, LaVern Baker, yalimkuta hayohayo makali zaidi mwaka 1955, Georgia Gibbs alipotoa wimbo wake "Tweedle Dee" ukiwa umepangwa karibu sawa na wa kwake. LaVern akamwandikia mbunge wake wa Detroit, Charles Diggs, akiomba sheria ibadilishwe. Haikubadilishwa.

Miaka ya kudeki

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ruth aliachana na Atlantic. Soko lilikuwa limehamia kwa vijana, ndoa zake zilikuwa zimevunjika, na alikuwa na watoto wawili wa kiume wa kulea. Akaishi Long Island, New York. Alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu, akaendesha basi la shule, akasaidia kulea watoto wadogo madarasani. Majirani wengi hawakujua ni nani.

Mwaka 1967 waanzilishi waliiuza Atlantic kwa kampuni ya Warner. Bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 17.5. Katika bei hiyo zilikuwemo zile wiki 149. Jungu kuu halikosi ukoko, na ukoko wa jungu hili ulikuwa mkubwa kuliko wali: hazina ya rekodi za zamani zinazoweza kutolewa tena na tena bila kulipia studio upya. Ruth alichumia juani, kivulini wakala wengine.

Aliyemrudisha jukwaani ni mchekeshaji Redd Foxx, rafiki wa siku za dhiki, aliyemwita Los Angeles katikati ya miaka ya 1970 na kumsaidia kupata nafasi ya kuigiza kama mwimbaji wa injili Mahalia Jackson katika tamthilia ya muziki iliyohusu harakati za haki za raia. Toka hapo ikaja televisheni, vilabu, na polepole mashabiki wa zamani wakaanza kumtafuta. Mmoja wao ni yule wakili mwenye santuri.

Alivyodai

Begle aliichukua kesi hiyo kwa mapenzi ya muziki. Kazi yake ya kila siku ilikuwa nyingine. Hatua yake ya kwanza inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyofungua yote: aliomba hesabu. Hakuanza na shutuma wala na kudai kiasi fulani. Alitaka kampuni ionyeshe kilichouzwa, kilichokatwa na kilichobaki. Jibu likaja kwamba Ruth Brown ndiye anayedaiwa.

Mtu mwingine angeondoka na aibu yake. Hata leo nawajua wasanii ambao wakionyeshwa karatasi yenye alama ya kutoa wanainamisha kichwa. Ruth alikuwa ameshadeki sakafu za watu. Aibu ya karatasi haikumtisha. Akaanza kusema hadharani. Alizungumza kwenye televisheni, kwenye magazeti, na jukwaani kati ya wimbo na wimbo. Alifika mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kueleza jinsi nyota wa zamani wanavyoishi. Mchungaji Jesse Jackson, mpigania haki za raia, akatia mkono wake, na wabunge Weusi wakaanza kuuliza maswali ambayo kampuni kubwa haipendi kuulizwa.

Kisheria njia ilikuwa nyembamba. Mkataba ulikuwa wa miaka ya 1940 na 1950, muda wa kushtaki kwa makosa ya zamani hivyo huwa umekwisha, na kumbukumbu za mauzo zilikuwa mikononi mwa upande mmoja tu. Ningekuwa wakili wa kampuni ningelala usingizi. Ila ukikusanya madai ya wazee wengi, kila mmoja na santuri yake inayouzwa mpaka leo, shauri linakoma kuwa la mkataba mmoja uliopitwa na wakati. Linakuwa la utaratibu mzima. Na hapo ndipo Begle na Ruth walipofanya uamuzi ninaouona mkubwa kuliko yote katika kisa hiki: hawakudai kwa ajili ya Ruth peke yake. Big Joe Turner alikuwemo kati ya wale ambao Begle aliwasimamia. Akafariki mwaka 1985, kabla jambo halijaiva. Clyde McPhatter, sauti ya kwanza ya kundi la Drifters, alikuwa ameshakufa tangu mwaka 1972. Kila mwaka uliopita ulikuwa na msiba wake, na ninaamini hilo liliwatia wote haraka.

Kisha kukawa na sherehe. Tarehe 14 Mei 1988, Atlantic iliadhimisha miaka arobaini kwa tamasha kubwa katika Madison Square Garden, New York, lililoendelea mchana kucha hadi usiku wa manane na kurushwa kwenye televisheni. Kampuni isingeweza kusherehekea umri wake bila aliyeijenga kupanda jukwaani, na isingependeza aliyeijenga apande huku dunia nzima ikijua kwamba imemwandika mdaiwa. Siku chache kabla ya tamasha, makubaliano yakatangazwa. Madeni ya Ruth na wenzake kadhaa wa zama zake yakafutwa. Mirabaha yao ikahesabiwa upya kuanzia mwaka 1970. Na ikatengwa dola milioni 1.5 kuanzisha mfuko wa kuwasaidia wakongwe wa muziki huo, unaojulikana kama Rhythm and Blues Foundation. Ruth akapanda jukwaani siku ile, akaimba.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Ertegun aliukubali mfuko huo na kuusaidia usimame. Yapo mashirika ambayo wakubwa wake wangekufa kwanza. Lakini siwezi kuita zawadi kile ambacho kilidaiwa kwa miaka mitano.

Kilichoshinda na kisichoshinda

Wapo wanaokisimulia kisa hiki kama hadithi ya wakili shujaa. Begle anastahili heshima yote, na alipofariki mwishoni mwa mwaka 2018 waliomlilia walikuwa wengi. Ila nikizipima sababu, naona uzito mkubwa uko kwa Ruth mwenyewe kuwa bado anafanya kazi. Mwaka uleule wa 1988 alionekana kwenye sinema ya John Waters, "Hairspray", akiigiza mwenye duka la santuri. Januari 1989 ikafunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, tamthilia ya nyimbo, "Black and Blue", na kwa nafasi yake humo akashinda tuzo ya Tony ya mwigizaji bora wa kike. Mwaka 1990 akapata Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani. Msanii aliyekwisha husahaulika kwenye makabati ya faili. Huyu kila wiki alikuwa mbele ya maikrofoni, na kila mwandishi aliyekwenda kumhoji kuhusu tamthilia alirudi na habari ya mirabaha.

Sababu nyingine ni kwamba aliomba jambo linaloweza kutekelezwa. Hesabu irekebishwe, deni lifutwe, wazee wapate pa kukimbilia. Hakuomba rekodi zirudishwe kwake, jambo ambalo huenda lingekuwa haki zaidi lakini lingewafanya wakae mahakamani mpaka wote waishe. Nimefikiri sana juu ya uamuzi huo. Zamani niliuona kama kukubali kidogo. Nikikumbuka umri wa waliokuwa wakidai, nimebadili mawazo.

Kisichoshinda nacho kipo. Hakuna hukumu ya mahakama iliyotolewa, kwa hiyo hakuna kanuni iliyowafunga wengine. Kampuni ya MCA, iliyokuwa ikimiliki rekodi za zamani za kampuni ya Chess, iliboresha malipo ya wakongwe wake baadaye, lakini kwa hiari yake na kwa kuona upepo unakovuma. Utaratibu wa kurudisha gharama zote kutoka kwenye fungu la msanii ulibaki, na ungali ndani ya mikataba ambayo vijana wanasaini leo. Malipo ya redio kwa waimbaji nayo hayakuguswa. Mwaka 1993 Sam Moore, wa lile kundi la wawili la Sam and Dave, ilimbidi aongoze wenzake kwenye shauri jingine kuhusu michango ya pensheni na bima ya afya ambayo kampuni zilipaswa kuwawekea wasanii.

Mfuko wenyewe ulianza mara moja kufanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyeifanya. Kuanzia mwaka 1989 ulitoa tuzo kwa waasisi, na tuzo hiyo haikuwa kikombe cha kuweka kabatini tu. Ilikuja na fedha taslimu. Mary Wells, aliyekuwa nyota wa kwanza mkubwa wa kike wa kampuni ya kurekodi ya Motown, alipougua saratani ya koo mwaka 1990 hakuwa na bima ya afya, na mfuko ukawa miongoni mwa waliomchangia matibabu hadi alipofariki mwaka 1992. Wengine walisaidiwa kodi ya nyumba na dawa. Bonnie Raitt, ambaye alikuwa akiimba bluzi tangu ujana na kumheshimu Ruth kama mama, alikuwa mmoja wa nguzo za mfuko huo.

Kuna jambo dogo la kifamilia ambalo siwezi kuliacha. Ruth alikuwa shangazi wa Rakim, mmoja wa marapa wakubwa waliowahi kushika maikrofoni, kijana wa Long Island kulekule. Mwaka 1987, shangazi akiwa katikati ya kudai chake, mpwa na mwenzake Eric B. walitoa albamu yao ya kwanza. Waliiita "Paid in Full", yaani imelipwa yote. Kila ninapoyaweka matukio haya mawili mezani, nasikia kama nyumba moja inayoongea kwa vizazi viwili.

Ruth aliingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, orodha ya heshima ya magwiji wa muziki, mwaka 1993, akaandika kumbukumbu za maisha yake mwaka 1996, akaendelea kuimba hadi mwaka wa mwisho wa uhai wake. Alifariki tarehe 17 Novemba 2006 huko Nevada, akiwa na miaka 78, baada ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Akarudishwa Virginia, akazikwa Chesapeake, jirani na mji aliotoroka akiwa na miaka 17.

Nimemtaja LaVern Baker juu juu tu, nami nataka kumrudia. Katika miaka ya 1960 alikwenda Asia kuwatumbuiza wanajeshi wa Marekani, akaugua, akajikuta Ufilipino, na huko akabaki zaidi ya miaka ishirini akisimamia burudani kwenye klabu ya kambi ya Subic Bay. Kwao walimsahau. Sherehe ile ya Mei 1988 ndiyo iliyomleta New York. Akarudi Marekani. Mwaka 1990 Ruth alipoiacha nafasi yake katika "Black and Blue", aliyeichukua alikuwa LaVern, yule aliyemwandikia mbunge barua mwaka 1955, sasa akiwa na umri wa miaka sitini, akitoka kila usiku mbele ya taa za Broadway mahali aliposimama mwenzake.